Mama Foto Anajibu: Jiwe Jeusi, Shati Jeupe na Kahawa ya Kusafishia Filamu

Mwezi huu barua tatu zimetoka kwa vijana wa hapa Goma walioanza kupiga picha kwa kamera za filamu. Baba yangu alikuwa mpiga picha wa studio, na alinifundisha kuviringisha filamu gizani nikiwa na miaka 11. Barua hizi zimenifurahisha sana, basi mnivumilie nikirefusha maneno.

*Jambo Mama Foto. Babu ameniachia Pentax K1000. Nilimpiga kaka yangu foto kando ya chukudu yake (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), juu ya mawe ya volkano huku kwetu Majengo, saa sita mchana, filamu ya 400 (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga). Mshale wa ndani ya kamera niliuweka katikati kabisa. Lakini mawe yametoka kijivu, na shati lake jeupe limekuwa kama karatasi, hata kifungo hakionekani. Kamera imekufa?*

Hapana mwanangu, kamera ya babu ni nzima. Mshale ule unapima mwanga, lakini haujui jiwe wala shati. Umetengenezwa kuamini kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, ni kijivu cha kati. Ukiujazia jiwe jeusi la volkano yetu ya Nyiragongo unadhani pana giza, unakudai mwanga zaidi, pengine hatua mbili nzima (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili). Jiwe linapanda hadi kijivu, na shati linapanda pamoja nalo mpaka linapotea. Sisi tunajenga, tunatembea na kuoana juu ya jiwe jeusi, kwa hiyo jambo hili kila mpiga picha wa Goma lazima alijue mapema.

Fanya hivi. Nyoosha kiganja chako kipate jua lilelile linalomwangukia kaka yako. Kisogelee na kamera mpaka kijae kwenye kioo, pima, halafu ongeza mwanga hatua moja. Kiganja, si mgongo wa mkono: rangi za ngozi zetu zinatofautiana sana, viganja vyetu kidogo tu. Kisha mrudie kaka na upige, hata kama mshale umelala upande. Siku ya jua kali bila wingu, filamu ya 400 inakubali kasi ya 1/500 na tundu la lenzi la f/16 bila kupima chochote. Baba alipiga hivyo miaka mingi, betri ikiwa imekwisha, maana kwenye K1000 betri ni ya mshale peke yake. Na saa sita macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Rudi saa kumi.

Ile negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambapo cheupe huonekana cheusi, usiitupe. Pale shati lilipokolea weusi, vifungo vimo. Iweke juu ya taa kali zaidi, utaviona.

*Mama, nasikia filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa. Ni kweli? Kahawa ya kwetu Kalehe itafaa? Dawa za foto sizioni mjini, na maji nanunua kwa bidoni. Mwanafunzi, Ndosho.*

Ni kweli, na mimi mwenyewe ninasafisha hivyo. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake wa kemia ya picha huko Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa iliyochanganywa na magadi ya kufulia inatoa picha kwenye filamu. Baadaye wengine wakaongeza vitamini C, na nguvu ikazidi. Kinachofanya kazi si kafeini, ni asidi ya kafeiki. Na hapo, binti yangu, kahawa ya Kalehe inatuangusha. Niliichemsha nzito kama lami, nikapata negativu hafifu, sura za watu kama ziko nyuma ya pazia. Kahawa yetu ni arabika, tamu ya kunywa. Inayotakiwa hapa ni ile ya unga inayoyeyuka majini, na kadiri ilivyo ya bei ya chini ndivyo inavyofaa, kwa sababu mara nyingi ina robusta nyingi.

Kwa nusu lita ya maji weka gramu 27 za magadi makavu, gramu 8 za vitamini C ya unga mtupu na gramu 20 za kahawa. Vidonge vya vitamini C vyenye rangi na sukari viache. Magadi, ambayo ni sodiamu kaboneti, usipoyapata utayatengeneza. Chukua gramu 43 za bikabonati ya kuokea mikate, uitie kwenye sufuria kavu juu ya mbabula, jiko la makaa. Itaanza kutokota kama uji, ingawa haina maji, ikirusha vitundu vidogovidogo. Koroga kwa kijiko kikavu. Ikitulia, iache juu ya moto nusu saa zaidi, halafu pima: zikibaki gramu 27 hivi, hewa yote imetoka na umepata magadi.

Yeyusha magadi kwanza, kisha vitamini, kahawa iwe ya mwisho. Ngoja dakika tano povu liondoke. Harufu ni mbaya, fungua dirisha. Dawa iwe nyuzi 20, na hapa mji wetu unatupendelea: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi maji yaliyolala ndani ya bidoni hayako mbali na hapo. Nunua kipimajoto hata hivyo. Safisha dakika 15, ukipindua tangi la kusafishia filamu bila kuacha nusu dakika ya kwanza, halafu mara tatu kila dakika. Anza na filamu ya 100 au 125. Ya 400 hupata ukungu katika dawa hii.

Baada ya hapo suuza kwa maji, uingize dawa ya pili, fiksa. Hiyo usiitafute jikoni, mimi huagiza kwa wasafiri wa Nairobi. John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba dawa iitwayo hypo (sodiamu thiosulfati) inayeyusha chumvi za madini ya fedha, kama zile zilizo kwenye filamu, na fiksa bado inafanya kazi hiyohiyo. Kujua muda wake, tupia ndani kipande cha ulimi wa filamu ulichokata mwanzoni, uhesabu mpaka king'ae. Muda huo mara mbili ndio wa filamu yako.

Sasa maji. Usiache bomba likitiririka nusu saa kama walivyofanya wazee. Kama fiksa yako ni ile ya haraka isiyogandisha utando wa filamu, jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20. Lita moja inatosha. Lakini maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi na hukausha madoa meupe kwenye nyuso za watu, kwa hiyo suuza ya mwisho tumia maji yaliyoondolewa madini. Yale ya betri za gari yanafaa, ila soma chupa, kwa sababu mara nyingine wanauza asidi kando yake. Mvua ya bati hapa inashuka na moshi wa volkano, siiamini. Anika usiku, mlango umefungwa, kitambaa kibichi kikining'inia chumbani ili vumbi jeusi litulie.

*Mama, nikishazipiga negativu kwa simu, nizitunze za nini? Himbi.*

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikapita juu ya studio ya baba. Alitoka na kopo moja la biskuti. Negativu nyingine zote, za harusi, za ubatizo, za vitambulisho, ziko chini ya jiwe, na daftari la majina nalo. Kwenye bahasha za kopo zilibaki namba peke yake.

Mwaka jana mama mmoja alikuja kutafuta picha ya mumewe, maana hakuwa nayo hata moja. Hakukuwa na jina la kumtafutia. Tulikaa juu ya mkeka tukainua vipande kimoja kimoja dirishani kuanzia asubuhi, na mchana akakishika kitenge chake mwenyewe kwa kidole: kilikuwa cha samaki, na kando yake amesimama mwanamume mwembamba, weusi wake mweupe. Nilimchapia mbili.

Basi zikate sita sita, uziweke kwenye bahasha za karatasi, si nailoni, ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu, mahali unapoweza kulinyakua ukikimbia. Andika kwa penseli juu ya bahasha: nani, wapi, lini. Jina kamili.