Miaka 9 nikishika daftari la michango ya hospitali

Mimi ndiye mweka hazina wa ploti yetu hapa Kayole, Nairobi. Sikugombea. Walisema tu kwamba mwandiko wangu unasomeka na kwamba hela ikiingia kwa simu yangu hailiwi. Kwa miaka 9 sasa, mtu akilazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba yangu inabandikwa juu, nami natoa daftari lile lile lenye jalada la bluu. Jina, kiasi, saa.

Acha nikufungulie kurasa mbili. Ya kwanza ni ya mke wa jirani anayefanya kazi benki. Alipasuliwa nyongo. Siku 4, shilingi 312,400, wafanyakazi wenza wakituma elfu tano tano kama wanalipa nauli. Ya pili ni ya mlinzi wetu wa geti, aliyegongwa na bodaboda akavunjika mguu. Wiki 3, shilingi 18,650. Ukurasa wake umejaa hamsini hamsini, na kuna ishirini moja ya mtoto wa nyumba ya juu aliyetumia simu ya mamake. Bili za wawili hao zilikaribiana. Kilichowatenganisha ni namba zilizokuwa ndani ya simu zao.

Kwa hiyo mtu akiniambia Wakenya hatupendi bima, mimi hucheka. Harambee ni bima, tena tunailipa kila mwezi. Ubaya wake ni kwamba inakusanywa mgonjwa akiwa tayari wodini, wanaotoa ni wale wale, na anayepata nyingi ni yule ambaye marafiki zake wanazo.

Bima ya kibinafsi nayo naijua. Mwajiri alinilipia hadi mkataba wangu ulipokwisha Juni. Julai nikapiga simu nijilipie mwenyewe. Binti aliyepokea alikuwa mchangamfu hadi nilipotaja presha. "Hiyo presha, mama, hatutailipia mwaka wa kwanza." Na mama yangu je, ana miaka 71 na kisukari? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia umri umepita. Sikumkasirikia. Kampuni ya aina hiyo hupata faida kwa kuchagua nani aingie, na inamtaka kijana ambaye hajawahi kumeza tembe. Serikali haina ruhusa ya kuchagua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya afya, na mama yangu ni kila mtu.

Ndiyo maana nataka mfuko mmoja: kila mwenye kipato atoe kulingana na anachopata, na mlipaji awe mmoja kwa hospitali zote, kwa bei moja. Mnunuzi wa watu milioni kadhaa hawezi kupangiwa bei kwenye kaunta jinsi mimi ninavyopangiwa. Kanada ilianzia jimbo moja, Saskatchewan, mwaka 1962, na madaktari wakagoma siku 23 kabla ya mambo kutulia. Taiwan iliunganisha bima zake mwaka 1995. Hapa kwetu Charity Ngilu, akiwa waziri wa afya, alipeleka mswada wa bima ya wote, Bunge likaupitisha 2004, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Ikapita miaka 20 tukichangishana.

Sasa tuna SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, iliyochukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani, Oktoba 2024. Najua umeshakunja uso. Lakini kumbuka makato ya NHIF: mwenye mshahara wa laki moja alikatwa 1,700 kwa mwezi, na wa milioni alikatwa hiyo hiyo 1,700. Leo makato ni asilimia 2.75, kwa hiyo wa 20,000 anatoa 550 na wa 500,000 anatoa 13,750. Hapo nasimama nao bila aibu. Kinachonikera ni kwamba mkubwa anakatwa, kisha anatibiwa kwa kadi nyingine ya kazini. Dawa zikiisha zahanati ya mtaa, atajuaje? Siku yeye na mlinzi wetu watakapokaa benchi moja, dawa zitapatikana kabla ya saa nne asubuhi. Na ndiyo, kuna madai hewa, kuna hospitali zinazolalamika hazijalipwa. Wezi wakamatwe na madeni yalipwe. Mimi kurudi kwenye daftari la bluu, hapana.

Kama huna mshahara wa kukatwa, sikiliza nilichojifunza kwa kuhangaika. Kujisajili kwa *147# ni hatua moja na kulipa ni hatua nyingine. Ukijisajili tu, unatibiwa magonjwa ya kawaida kwenye zahanati na kituo cha afya. Kulazwa na kupasuliwa kunataka uwe umelipa, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 mkononi, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwenzi na watoto wanaingia kwako, wazazi hapana. Mama yangu nilimsajili kivyake, na vidole vyake vilivyochakaa kwa jembe vilisumbua mashine ya alama za vidole asubuhi nzima. Na kabla ya upasuaji uliopangwa, nenda dawati la bima uulize kama idhini imetoka. Usiulize wodini, huko kila mtu atakujibu "ngoja".

Januari niliwaambia wenzangu wa ploti nimechoka kukusanya pesa za watu walio kwenye machela. Tukakubaliana kila nyumba itoe hamsini kwa wiki, mtu awe mgonjwa au asiwe. Tuko nyumba 14. Kila wiki sita tunamlipia mtu wa mtaa SHA ya mwaka mmoja, tukaanza na mlinzi, ambaye bado anachechemea. Tumefika kaya 4. Ya tano ni ya mama anayetuuzia sukuma pale getini; ameahidi kuniletea kitambulisho Jumamosi, akishatoka soko la Wakulima.