Maneno yanamkwama Mama, Bibi anasahau: ni ugonjwa mmoja?

SWALI: Mama ana miaka 57, anabangua korosho. Huu mwaka wa pili anakwama katikati ya maneno: "Niletee kile… kile cha…", huku mkono ukionyesha kubangua. Ya jana anayakumbuka vizuri. Bibi, miaka 81, anaongea bila kukwama ila anauliza jambo lile lile mara tano, na mbuzi au kondoo kwake ni "mnyama" tu. Daktari alisema Bibi ana Alzheimer, ugonjwa unaodhoofisha ubongo polepole. Na Mama je? Majirani wanasema jini.
Msomaji, Masasi

JIBU: Yawezekana, na jini hahusiki. Alzheimer ikianza kabla ya miaka 65 mara nyingi zaidi kuliko ile ya uzeeni huanzia kwingine badala ya kumbukumbu: lugha, kuona au hesabu. Mgonjwa aliyemfanya daktari Mjerumani Alois Alzheimer auandike ugonjwa huu alikuwa na miaka 51 tu alipolazwa Frankfurt mwaka 1901. Naye maneno yalimkwama: kikombe alikiita chombo cha kumiminia maziwa.

Kwa Bibi, maana ndiyo inayofifia, hivyo jina la jumla hubaki na la pekee hupotea. Kwa Mama maana ipo (mkono unajua kubangua), bali sauti za neno hazishikiki kichwani. Mjaribu: arudie "korosho", kisha "Jana asubuhi mjomba alileta korosho na mihogo kutoka Newala." Akiweza neno akashindwa sentensi, mweleze daktari hivyo hivyo. Mjaribu kwa lugha aliyokulia. Mmakonde ukimpima kwa Kiswahili peke yake utamwonea. Hakikisha pia anasikia vizuri.

Mpelekeni hospitali ya Ligula, Mtwara, mkiwa mmeandika dalili zilianza lini. Waombeni wapime tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, na waulizie sonona, maana hayo yanatibika. Akikwama ghafla, au mdomo ukipinda, msisubiri miadi: hicho chaweza kuwa kiharusi, nendeni saa hiyo hiyo.

Nyumbani, Mama mwambieni jambo moja kwa sentensi fupi, mngojeni, kisha mdokezeeni silabi ya kwanza: "ko…". Kumwambia "sema tena, sema vizuri" kunamkaza zaidi. Bibi silabi haimsaidii sana. Mwonyesheni kitu chenyewe, au mpeni viwili achague: chai au uji? Dawa kama donepezil, miligramu 5 kwa siku kisha 10 baada ya wiki 4 hadi 6, huandikwa na daktari. Hupunguza makali kwa muda, haiponyi, na huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha.