Ule uchungu wa kinini uliingiaje ndani ya kokteli? Maswali yenu, majibu yangu

Juzi niliandika kidogo tu, kwamba ule uchungu wa toniki, yale maji ya gesi yenye kinini, ile dawa ya zamani ya maleria, unatoka kwenye ganda la mti, na mti wenyewe unapandwa hapa hapa kwetu kwenye milima ya Kivu, basi simu haijatulia tena. Maswali ni mingi, mengine ya maana, mengine ya kuchekesha, nimechukua haya saba. Kwa wenye hawanijue: niko barman, miaka 11 nyuma ya kontuwari hapa Bukavu, na babu yangu alikuwa anakoboa maganda ya kinkina, ndio huo mti wenyewe, kwenye plantasio. Kwa hiyo naweza kusema ni kazi ya familia, yeye upande wa shamba, mimi upande wa glasi.

Mama mmoja wa Kadutu: "Mwanangu, kitinda mimba wangu amepata kazi ku bar ya hoteli. Kila usiku anarudi anasema leo niliuza jini kumi, jini kumi na ine. Mimi ni mtu wa maombi. Hiyo jini ni nini?"

Mama, jambo sana. Lala usingizi, hakuna pepo mle, majina yamegongana tu. Kuna mti mfupi wa nchi za baridi, Wafaransa wanauita genièvre, Waholanzi wakaita pombe yake jenever, Waingereza wakakata jina wakabakiza gin, sisi nasi hatuwezi kuacha neno bila kuliwekea mkia, tukaongeza i yetu, ndio likakutana na majini. Matunda yake ni madogo kama pilipili manga, bluu inayoelekea nyeusi, ukiponda moja kwa jino inanuka kama sipre ile mnapanda kuzunguka parseli, na si ajabu, juu ni mti wa ukoo mmoja na sipre. Zamani kule Ulaya ilikuwa dawa ya tumbo na figo. Ile chupa shida yake haiko pepo, Mama, ni ile asilimia 40 imeandikwa chini kwa herufi ndogo, hapo endelea kuomba.

Kijana wa Nguba: "Yaya, kama toniki iko na kinini ndani, si nikunywe jini-toniki kila jioni niache kupoteza pesa kwa dawa ya maleria?"

Nilijua hili litakuja. Tupige hesabu pamoja. Kule Marekani sheria inaruhusu toniki iwe na kinini isiyozidi miligramu 83 kwa litre. Mtu mzima mwenye kutibiwa maleria kwa kinini anachukua kama miligramu 600 mara tatu kwa siku, ni kusema 1,800. Gawanya. Inakuwa litre 21 na kitu, kila siku, kwa siku 7. Ile bidon ya njano ya litre 20 unayoijua, ijaze toniki mpaka kwenye mdomo, uinywe yote peke yako kabla jua halijazama, na bado haitoshi! Alafu siku hizi hata daktari hakuanzishii kinini, kuna dawa zenye kutoka kwa artemisia, nitazifikia. Ukisikia homa nenda kupima, usinitafute ku bar.

Lakini wazo lako si la kijinga, juu ndivyo mambo yalivyoanza. Karne ya 19 Waingereza waliokuwa India walikuwa wanapewa kinini cha kujikinga, na kinini nyote mnakijua, mama anashika pua ya mtoto ndio kipite. Wakaanza kukificha ndani ya sukari, maji na ndimu, kisha jini, sababu jini ilikuwapo na wao walikuwa wanaitafutia sababu. Mwaka 1858 mtu anaitwa Erasmus Bond akachukua hati ya kuuza maji ya toniki kule London, mwaka 1870 Schweppes nao wakatoa ya kwao. Dawa ikageuka kinywaji. Uchungu ulibaki, ugonjwa ukasahaulika.

Na mti? Mti si wa India wala wa kwetu, ni wa milima ya Andes, kule Peru, Bolivia na jirani zake. Wamisionari Wajezuiti walipeleka ganda lake Ulaya karne ya 17. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakatoa kinini safi ndani ya ganda, na kuanzia hapo kila nchi yenye makoloni ikautaka huo mti, juu bila kinini Mzungu hakuwa anakaa siku mingi katika nchi zetu za mbu. Hapa niruhusuni nikae kidogo. Mwaka 1865 Mwingereza mmoja, Charles Ledger, alipata mbegu nzuri sana, Waholanzi wakanunua sehemu, wakapanda Java, na baadaye karibu kinini yote ya dunia ikawa inatoka kule Java. Jina la Ledger liko kwenye jina la kisayansi la ule mti mpaka leo. Lakini mwenye kupanda milima akachuma hizo mbegu alikuwa Muaymara wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, na kwa kazi hiyo alifungwa kwao, akapigwa, akafa. Mimi kila nikifungua toniki huwa namkumbuka huyo, simkumbuki Ledger.

Kwetu Wabeljiji walileta kinkina wakati wa koloni, wakaona milima ya huku iko na baridi na mvua kama inavyotaka. Mwaka 1942 Wajapani wakachukua Java, upande wa pili wa vita ukabaki bila kinini, hapo ganda la Kivu likawa mali kweli. Babu alikuwa anasema mti unaungoja miaka kama minane ao kumi, unaukata, unaupiga na nyundo ya mbao mpaka ganda linaachia, ndani linakuwa la njano-njano, ukigeuka kidogo tu hewa imelipiga limekuwa jekundu kama udongo wa Walungu. Unalianika. Mikono yake aliosha na sabuni, akaosha tena, bado mkate aliotushikia ulikuwa mchungu.

Mwenye hakutaka jina: "Niliketi kwa boite moja ya town, taa za zambarau, glasi yangu ya toniki ikawaka bluu kabisa, ya jirani yangu ya Primus haikuwaka. Nikaiacha. Nimerogwa?"

Hapana, umepoteza toniki ya bure! Kinini ndani ya mwanga wa ile taa inawaka bluu, ni tabia yake. Mwingereza John Herschel aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1845, na hakuwa kwa boite. Taa ya namna hiyo inatoa mwanga ambao jicho letu haliuoni, kinini inaumeza halafu inautoa tena kama bluu tunayoiona. Bia haina kinini, ndio maana ilinyamaza.

Mimi nilijaribu mchana. Nilienda na glasi kwa kambisti mmoja rafiki yangu mwenye kale kataa ka kuchunguzia dola za uongo, tukaingia ndani ya depo lenye giza, akamulika, ikawaka kama jicho la paka, akasema "hii noti ni ya kweli." Kisha tukatia chumvi kijiko kimoja, tukakoroga, mwanga ukafifia, juu chumvi inauzima. Jaribu, lakini usinywe ile ya chumvi.

Mwanafunzi wa historia: "Ni kweli absinthe ilikatazwa Congo kabla ya Ulaya?"

Ni kweli, na watu wengi hawajui. Ufaransa walikataza 1915, Uswisi 1910, lakini hapa, wakati ule wa Léopold, mfalme wa Wabeljiji, ilikatazwa mwaka 1898! Usije ukafikiri walituhurumia, mtu aliyekuwa anakata watu mikono kwa ajili ya kauchu hakuwa na huruma ya maini ya mtu.

Absinthe ni pombe kali ya kijani, imeitwa kwa jina la mmea wake, artemisia ya Ulaya, mchungu hadi nywele zisimame. Hata vermut, ile divai yenye mimea ya ndani ya kokteli mingi, jina lake limetoka kwa neno la Kijerumani la mmea ule ule. Sasa angalia: ndugu yake wa Uchina, artemisia annua, ndio imetupa dawa ya maleria ya leo. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alikuwa anafungua vitabu vya zamani vya dawa za Kichina, katika kimoja cha karne ya 4 akasoma kwamba unaloweka majani kwa maji ya baridi unayakamua, haikuandikwa kuchemsha. Akaelewa moto ndio ulikuwa unaharibu dawa. Hiyo ni mwanzo wa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapata Nobel. Kwa hiyo dawa mbili kubwa za maleria za historia, zote ziko na ndugu zao ku bar, moja ndani ya toniki, nyingine jirani ya vermut. Na kabla hamjaniuliza, chai ya artemisia ya kupanda kwa parseli OMS, lile shirika la afya la dunia, haikubali kama tiba, juu hakuna anayejua kikombe chako kiko na dawa kiasi gani.

Papa mmoja wa Bagira: "Nyinyi watoto mnajisifia kokteli za Wazungu. Kasiksi yetu ni nini kwenu?"

Papa, heshima yako. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ni kokteli, tena ya zamani kupita zote niko nauza. Gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, mwaka 1806 lilieleza kokteli ni nini: pombe kali, sukari, maji, na matone ya dawa chungu. Mimea iliyokutana ndani ya glasi, basi. Sasa kasiksi: unazika ndizi kwenye shimo lenye majani na joto siku chache ziive, unamenya, unakanda na majani makali mpaka zinatoa maji, unachuja, unatia mtama uliokaangwa ukasagwa, unafunika, unangoja. Ndizi imetoka mbali, kule Papua New Guinea watu walikuwa wanailima karibu miaka 7,000 iliyopita. Mtama ni wa kwetu Afrika, upande wa Sudani, miaka kama 5,000. Yani Papua na Afrika walikutana ndani ya mtungi wa mama wa Kabare kabla huyo Mmarekani hajaandika gazeti lake. Kiko kitu kimoja tu ninachokosa ndani ya kasiksi, ni uchungu, na mimi nimeshaiwekea toniki kidogo juu. Papa usinipige.

Wa Muhumba: "Niko na shamba la kinkina Kalehe. Naweza kuloweka ganda ndani ya whisky niuze?"

Hapana. Mti huu na ule havilingani nguvu, leo unatia kipande hakuna kitu, kesho kipande kile kile masikio ya mteja yanalia kama kengele ya kanisa, kichwa kinazunguka, macho yanafifia. Ni sumu ya kinini iliyozidi. Mwenye mimba au mwenye ugonjwa wa moyo ndio mbaya zaidi. Uza ganda lako kwa wenye mashine ya kupima, hapa Bukavu Pharmakina wako kwa ajili hiyo. Na kwa wenye kupamba glasi na maua ya kwenye uzio: yale meupe makubwa yanaangalia chini kama tarumbeta ni sumu kali, jani, ua, mbegu, vyote. Niliona picha ya glasi ya namna hiyo wiki iliyopita, nikaandikia mwenyewe usiku ule ule.

Dada wa korali: "Na sisi tusiokunywa pombe?"

Nyinyi njo wateja wangu wazuri, hamvunji glasi. Jueni kwamba Coca-Cola yenyewe ilizaliwa kwa sababu kama yenu: Pemberton, mufamasia wa Atlanta, alikuwa anauza divai yenye koka, mwaka 1886 mji ukakataza pombe, akatoa divai akaweka siro, na jina la pili akalichukua kwa kola, tunda la mti wa Afrika.

Ya kwenu hii hapa, watu 4. Mabua 3 ya mchaichai, ile sehemu nyeupe ya chini, yagonge na mti wa kinu mpaka yapasuke nyuzi, hapo ndio harufu inatoka, ukiyakata tu na kisu utapata majani matupu. Tangawizi ukubwa wa kidole gumba, iparuze na ganda lake. Sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, vyote kwenye moto mpaka sukari iyeyuke, zima, funika, acha ipoe kabisa, usiharakishe. Chuja. Marakuja 4, zile zimekunjamana ngozi ambazo mama wa soko anataka kukutupia bei, ndizo tamu. Ndimu moja. Gawa kwenye glasi 4, siro vijiko vitatu kila moja, usiongeze kwanza, onja, kisha maji ya gesi ya baridi juu. Mwenye kutaka uchungu aweke toniki mahali pa maji ya gesi. Mbegu za marakuja usizichuje zote, acha chache zielee, watu wanapenda kuzitafuna wakiongea.