Samaki Wafa Katika Tangi Jipya: Je, Kosa ni la Maji ya Arusha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua tangi la kioo la lita 60, na siku hiyohiyo nikaweka samaki wanane wa rangi ya dhahabu. Kabla ya wiki mbili kwisha walikufa sita, na wawili waliobaki wanahema juu ya maji, ambayo yana ukungu ingawa kila Jumamosi nayamwaga yote na kusugua sponji ya chujio bombani. Jirani anasema ni floridi. Je, nitumie maji ya chupa?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Pole kwa hasara hiyo. Ni kweli kwamba maji mengi yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floridi, na madoa ya kahawia kwenye meno ya wenyeji ni ushahidi, lakini floridi haiyatii maji ukungu. Dalili ulizoeleza ni za amonia, sumu ambayo samaki huitoa kwa matamvua na ambayo huongezeka chakula kinapobaki na kuoza. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo samaki huistahimili isipozidi. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuenea, nawe kila Jumamosi unawaua kwa klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo katika maji ya bomba. Isitoshe, maji yakiwa na alkali (kinyume cha asidi), kama yalivyo mara nyingi hapa kwetu, amonia huwa kali zaidi.

Acha maji ya chupa. Ni gharama ya bure. Badilisha robo ya maji kila siku hadi samaki waache kuhema, ukitumia maji yaliyolala ndooni bila kifuniko ili klorini itoke, kisha iwe mara moja kwa wiki. Sponji ikamulie ndani ya ndoo yenye maji uliyochota tangini, na ikibaki na rangi ya kahawia usijali. Chakula kiwe kidogo, kinachokwisha ndani ya dakika mbili.

Baridi ya Juni na Julai samaki hawa huivumilia bila hita. Usiongeze wengine: wakikua, hata hao wawili watabanana, na aliyekuuzia wanane alipaswa kukwambia hivyo. Tafuta pia pampu ya hewa ya betri, kwa kuwa umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa chujio hukosa hewa na kuanza kufa.