Jibu: Faini ya tiketi kwenye treni ya uwanja wa ndege wa Berlin

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini ulitozwa faini ya yuro 60 ulipotoka uwanja wa ndege wa BER kwenda katikati ya Berlin, ilhali tiketi ulikuwa nayo mkononi. Kwanza tazama herufi zake: nauli za Berlin hugawanywa kwa kanda A, B na C, na uwanja huo uko katika kanda C, hivyo tiketi ya AB haitoshi, yahitajika ya ABC. Ikiwa ni ABC, tafuta muhuri. Hapo ndipo nami niliponaswa, kwa kuwa stesheni hazina mageti na nilidhani kununua kunatosha. Kumbe tiketi ya karatasi iliyonunuliwa kwenye mashine ya stesheni sharti igongwe muhuri katika kisanduku kilicho papo hapo, kabla ya kupanda. Tiketi ya safari moja ikishagongwa hudumu saa 2, tena kwa upande mmoja tu. Kurudi ni nyingine.