Macho kufifia baada ya homa ya Bonde la Ufa
Pole sana dada, na mfikishie mzee pole zangu. Unauliza kama ukungu uliompata machoni baada ya homa ya Bonde la Ufa, ule ugonjwa wa virusi wa mifugo unaoambukiza na watu, ni mtoto wa jicho. Sidhani. Mtoto wa jicho huja polepole, haji ghafla namna hiyo.

Virusi vya homa hii huweza kushambulia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huwapata wagonjwa wachache, asilimia 0.5 hadi 2 hivi, na kwa kawaida macho huanza kufifia wiki 1 hadi 3 baada ya homa kuanza. Inaweza kuisha yenyewe ndani ya wiki 10 hadi 12. Ila kidonda kikiwa katikati ya retina, sehemu tunayoitumia kusomea na kutambua sura, takriban nusu ya wagonjwa wa aina hiyo hubaki na upofu wa kudumu wa hapo katikati.

Tafadhali msimnunulie dawa ya matone dukani. Mpelekeni kwa daktari wa macho, apanuliwe mboni aangaliwe ndani, macho yote mawili. Na mtajieni daktari mapema kwamba aliugua homa hiyo, maana kwa nje jicho linaweza kuonekana safi kabisa.