Kabla ya Kwenda Ulaya, Nilifuta Miji Minane

Ratiba yangu ya kwanza ya Ulaya ilikuwa na miji tisa ndani ya siku 24: Lisbon, Madrid, Barcelona, Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna na Roma. Niliiandika usiku mmoja kwenye daftari, nikalala nikiwa nimeridhika. Asubuhi nikampa mama aisome, maana safari ilikuwa ya wawili. Mama ana miaka 67, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na hajawahi kuvuka mpaka zaidi ya kwenda Hija. Akavaa miwani, akasoma taratibu hadi mwisho, akauliza: "Na nguo tutafua lini?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa chini nikahesabu upya. Kuhama mji si saa mbili za treni kama tiketi inavyosema. Ni kufunga mizigo, kukabidhi chumba saa nne au saa tano asubuhi, kuburuta masanduku hadi stesheni, kusafiri, kuitafuta nyumba mpya, kisha kungoja hadi saa tisa alasiri ndipo ufunguliwe. Siku imekwisha. Miji tisa ni kuhama mara nane, yaani siku nane kati ya 24 tungezimalizia njiani tukiwa tumebeba mizigo.

Bado nilikuwa mbishi, nikapeleka maombi ya viza na ratiba ileile. Yakakataliwa. Sababu niliyoandikiwa ilikuwa kwamba madhumuni na mazingira ya safari hayakuthibitishwa vya kutosha. Nilipoyapitia makaratasi yangu kwa utulivu nilielewa: kulikuwa na siku mbili zisizo na malazi, na mtu asingeweza kujua ni nchi gani hasa tunakwenda kukaa. Ada haikurudi. Kwa mtu mzima ada hiyo ni euro 90 tangu Juni 2024, na tulikuwa wawili.

Kwa hiyo nianze na viza, kwa sababu ndiyo inayokulazimisha kupanga vizuri. Viza moja ya Schengen, yaani ya pamoja, inakuingiza katika nchi 29 za Ulaya, lakini Uingereza na Ireland hazimo. Unaruhusiwa kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, ingawa mara nyingi viza yenyewe hutolewa kwa siku chache zaidi, zinazolingana na ratiba yako. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile utakayoingilia. Yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Usingoje hizo 15. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Kisha hakikisha barua ya likizo kutoka kwa mwajiri, taarifa ya benki, tiketi na malazi vinasema tarehe zilezile. Malazi chukua yale yanayoweza kufutwa bila gharama mpaka viza itoke.

Mara ya pili tulipeleka ratiba nyingine kabisa. Katika ile miji tisa nilibakiza Lisbon peke yake. Tulichagua maeneo matatu tu: Ureno, Andalusia ya kusini mwa Hispania, na Emilia-Romagna ya Italia. Porto siku 3, Lisbon 4, Faro 1, Sevilla 6, Granada 4, Bologna 6. Hispania ikawa na siku 10 za kulala, nyingi kuliko kwingine, kwa hiyo maombi yakaenda huko, na yakapita.

Namna ya kupanga ni hii: tafuta mji mmoja wenye stesheni nzuri, kaa hapo, halafu toka asubuhi na mkoba mdogo na urudi jioni kwenye kitanda kilekile. Ukiwa Porto, treni ya kwenda Braga au Guimarães ni kama saa moja. Ukiwa Sevilla, Córdoba ni dakika 45 hivi kwa treni ya kasi. Bologna ndiyo bora kuliko yote kwa kazi hii. Modena, Parma na Ferrara ziko chini ya saa moja, na Ravenna yenye michoro ya vigae vidogo ya karne ya 5 na ya 6 ni zaidi ya saa moja kidogo. Mvua ikinyesha Bologna huhitaji mwavuli, kwa kuwa njia zake za miguu zimefunikwa kwa matao ya urefu wa kilomita 62 hivi, ambayo sehemu zake UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2021.

Tiketi ya ndege usiikate ya kwenda na kurudi mji uleule. Wakati wa kutafuta, chagua sehemu ya miji mingi, uingilie mji mmoja na utokee mwingine. Sisi tuliingilia Porto tukatokea Bologna, tukaokoa siku nzima ya kurudi nyuma. Katikati tulipanda ndege ya bei nafuu, Málaga hadi Bologna, na hapo kuna jambo la kuangalia: baadhi ya mashirika hayo yanataka msafiri mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya apite kaunta kukaguliwa viza hata kama tiketi iko kwenye simu. Fika mapema. Na begi pimeni nyumbani, kwa utepe na kwa mizani.

Msimu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Sevilla mwezi Julai joto hupita nyuzi 40, na lile si joto la pwani lenye upepo wa bahari. Nenda mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, au Aprili na Mei, ila uchunguze tarehe za Wiki Takatifu, ile ya kabla ya Pasaka, na za tamasha la Aprili la Sevilla, maana vyumba hupanda bei sana.

Tiketi moja usiiache hadi dakika ya mwisho: Alhambra ya Granada, ngome ya kale ya watawala Waislamu. Huuzwa kwa jina na namba ya pasipoti, na ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Wanasri, ukoo wa mwisho wa watawala hao. Ukichelewa, huingii. Mimi niliinunua kwanza, ndipo nikapanga siku nyingine kuizunguka.

Kwa msomaji Mwislamu, Msikiti wa Córdoba ulioanza kujengwa karne ya 8 leo ni kanisa kuu Katoliki, na swala za Kiislamu haziruhusiwi ndani. Mama nilimweleza kabla hatujatoka nyumbani, ili asije akakatazwa mbele za watu. Aliingia, akatembea kati ya zile nguzo mia kadhaa, akawa ananong'ona dua zake akiwa anakwenda. Ijumaa yake aliswali Granada, katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 kwenye kilima cha Albaicín. Bustani yake inatazamana na Alhambra. Nilipomfuata baada ya swala nilimkuta amekaa ukutani na wanawake wawili wa Morocco, hawana lugha ya pamoja zaidi ya salamu, na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Chakula halali Granada hakisumbui. Bologna uliza kila mara, kwani nyama ya nguruwe imo hata kwenye mchuzi wa tambi. Ureno sisi tulikula samaki, basi. Ila mkate na zeituni unazowekewa mezani kabla hujaagiza hulipiwa. Kama huvitaki, sema virudishwe.

Saa nazo. Ratiba za treni zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na 14:35 kwetu ni saa nane na dakika thelathini na tano mchana. Hilo nilimwandikia mama kwenye karatasi. Nililolisahau mimi ni kwamba Hispania iko mbele ya Ureno kwa saa moja. Basi la kutoka Faro hadi Sevilla linakwenda saa mbili na nusu hivi, nami nikampa mwenye nyumba muda wa kufika kwa saa ya Ureno. Alisimama mlangoni saa nzima akitungoja. Niliona haya, nikamwomba radhi kadiri nilivyoweza. Andika saa ya nchi unayokwenda pembeni ya kila tiketi.

Ukisafiri na mzazi, kabla ya kulipia nyumba uliza kama kuna lifti, na ukumbuke kwamba ghorofa ya kwanza kwao ni baada ya kupanda ngazi. Lisbon ni vilima na mawe ya barabarani yanateleza. Treni za shirika la Ureno humpunguzia nusu ya nauli mwenye miaka 65 na zaidi, akionyesha pasipoti. Laini ya simu tuliyonunua Porto ilifanya kazi hadi Italia. Nguo tulifua kila Jumatatu kwenye maduka ya mashine za sarafu.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: katika kila eneo acha siku moja tupu. Usiandike kitu.

Huko Porto mama alikuwa ameanza kusikia maneno yake mwenyewe. Mhudumu anasema mesa, yeye anageuka: meza. Copo, kopo. Bandeira, bendera. Nilipomwambia kwamba gereza limetokana na igreja, neno lao la kanisa, alinyamaza kitambo. Lisbon, siku ya tatu, tulikwenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo kuna chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506. Dhahabu yake ni ile ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502, alipokwenda na manowari zake na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno.

Nilimsomea mama maelezo. Akaniomba nirudie pale palipoandikwa Kilwa. Alisimama mbele ya kile kioo mpaka miguu ikamuuma, akaenda kukaa kwenye benchi, akasimama tena. Nje hakusema kitu hadi tulipofika kituo cha basi.

"Kesho tuna nini?"

Nikamwambia hatuna kitu.

"Basi nirudishe."

Asubuhi yake tulikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Safari hii alivaa kanga mpya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Granada.